Kiwanja cha Malampaka

Nilimwacha mtu auze kiwanja chake kwa ajili ya jambo nililomwambia huku nikijua si kweli. Hakunishitaki popote, wala hajanisema vibaya mbele ya watu. Kosa ni langu mwenyewe.

Mimi sivutwi na urafiki. Siogopi watu wala siwachukii. Mke wangu nampenda kwa dhati, na wanangu nikikaa siku bila kuwaona nakosa raha. Sokoni hapa Maswa nataniana na kila mtu. Ila ile hamu ninayoiona kwa wenzangu, ya kumtafuta mtu asiye ndugu wala mke ili mkae tu pamoja, kumpigia simu pasipo shida yoyote, kuwa na wasiwasi asipoonekana, mimi sijawahi kuipata. Ujanani nilidhani watu wote wako hivyo, na kwamba "rafiki wa kufa na kuzikana" ni maneno ya heshima tu.

Usukumani mtu wa aina yangu anaweza kuishi miaka mingi bila kugundulika, hata na nafsi yake. Maisha ya kijijini kwetu yanakwenda kwa wajibu. Elika, yaani kikundi cha kusaidiana kulima, ikiitwa, unachukua jembe kwenda kulima shamba la mwenzako, na zamu yako ikifika nao wanakuja. Hakuna anayeuliza kama unampenda aliye mstari mmoja nawe. Mwano, yaani yowe la hatari, ukipigwa usiku kwa sababu ng'ombe wameibwa, unatoka na fimbo. Tangu sungusungu, walinzi wetu wa jadi, waanze mwanzoni mwa miaka ya 1980, asiyetoka hutozwa faini, na akiwa sugu hutengwa, hapati wa kumpa hata moto wa kuwashia jiko. Mtani wako akifiwa, unajua la kufanya. Hayo yote nayaweza, na nayafanya kwa moyo mweupe.

Mwenzangu mmoja tuliyesoma naye alifiwa na mama yake kule Malampaka. Nilichimba kaburi, nikateka maji kwa baiskeli, nikalala matangani mpaka tanga lilipoanuliwa. Watu walipotawanyika akanishika mkono, akaniambia, "Sasa sina mtu. Wewe ndiye ndugu niliyejichagulia. Na wewe unaniona hivyo?"

Nikajibu, "Kabisa."

Pale msibani ukweli ungekuwa mkali, najua. Lakini miezi ilipita baada ya pale na sikumwambia: nitakuja kila ukifiwa na kila ukiugua, ila hicho unachokitamani kwangu hakipo. Sikusema kwa sababu ilinipendeza kuonekana mtu mwema. Hapo ndipo palipo na uovu wangu, wala si kwingine.

Yeye alilishika neno langu kama hati. Akauza kiwanja chake cha Malampaka, si mbali na stesheni, akanunua kingine jirani yangu, pembeni mwa mji wa Maswa, upande wa barabara ya kwenda Bariadi. Alipokuja kunitajia bei nilimpongeza. Hata kuezeka hajamaliza, mwaka 2021 ujenzi wa reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka ukaanza, Malampaka ikiwemo kwenye stesheni zake. Leo kiwanja kile hawezi kukirudisha kwa fedha alizokiuzia.

Basi akawa anakuja kila jioni. Mara nyingine na kisado cha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, anavuta kigoda, anataka tu tukae. Nikaanza kuchelewa kurudi makusudi. Kisha nikamwomba mke wangu aseme sipo. Akakataa kusema uongo, nikamtuma mtoto. Siku hiyo baiskeli yangu ilikuwa imeegemea ukutani, na redio ndani inasoma taarifa ya habari. Mtoto akasema, "Baba hayupo." Nikasikia kimya, halafu sauti yake: "Haya, mpelekee mama hii michembe." Nikaendelea kukaa. Nilikuwa nimemfundisha mwanangu kumdanganya mtu aliyemletea chakula.

Baadaye nilisoma kuwa watu kama mimi tupo, na tuna jina: aplatoniki. Lilitokana na jumuiya za watu wanaoeleza mivuto wasiyokuwa nayo, kama ile ya wasiovutwa na tamaa ya mwili aliyoianzisha Mmarekani David Jay mwaka 2001. Nililipokea jina hilo kwa ahueni kubwa, kisha nikalitumia vibaya. Nikajiambia: ndivyo nilivyo, basi sina kosa. Si kweli. Kukosa kiu hiyo si kosa, na sitamwomba mtu radhi kwa hilo. Kosa ni kupokea siri za mtu, jioni zake na mipango ya maisha yake kwa malipo niliyojua sitayatoa. Aplatoniki mkweli asingemgharimu mwenzangu hata shilingi.

Nikaenda kwake nikamweleza yote. Akaniuliza, "Hata pale kaburini?"

Nikamwambia pale nilikuja kwa sababu alifiwa, na ningekuja tena.

"Angefiwa mwingine yeyote wa elika yetu, ungelala siku zote zile?"

"Ningelala."

Akatikisa kichwa. "Mimi nisingelala. Nisingeweza." Halafu akasema, "Ungeniambia kabla sijauza."

Niliuza madume mawili nikampelekea fedha. Alizihesabu mbele yangu, akazipokea, akasema hazifiki. Ni kweli hazifiki, na zilizobaki nampa kila nikiuza pamba. Msimu uliofuata alipoita watu kupalilia, nilikwenda na jembe langu kama wengine. Jioni haji tena. Tulipopumzika chini ya mti pale shambani aliniuliza kama jioni huwa namkumbuka. Nikamwambia hapana.