Namba ya damu ya Mama na harusi ya mdogo wetu



Wengi mnatujua kwa magauni ya harusi tunayoshona hapa Unguja. Leo hatuna picha ya gauni. Tuna habari ya mama yetu, na tunaiandika kwa ajili ya kila bi harusi ambaye mama yake husema, "Tumbo tu hili, litapoa."

Sisi ni ndugu tuliozaliwa Tarime. Baba alipofariki, Mama alihamia Mugumu, wilaya ya Serengeti. Mwaka mzima alilalamika tumbo. Matonge mawili tu, keshashiba. Duka la dawa likawa linampa vidonge vya vidonda vya tumbo. Anapata nafuu wiki moja, maumivu yanarudi. Sisi tulituma pesa ya dawa tukaona tumetimiza wajibu. Hilo linatuuma hadi leo.

Alipoanza kukonda tukampeleka Mwanza, Hospitali ya Bugando. Wakampitisha mpira wenye kamera hadi tumboni, wakachukua kinyama cha kupima. Ilikuwa saratani ya tumbo, na imeshafika kwenye ini. Hatukuwa peke yetu. Madaktari wa hapo waliwahi kuandika habari za wagonjwa wao 232 wa saratani hii, na zaidi ya tisa katika kila kumi walifika ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne.

Daktari alitazama pia karatasi ya picha kamili ya damu, kipimo cha kawaida kabisa. Akagawanya seli nyeupe ziitwazo neutrofili kwa zile ziitwazo limfosaiti. Alipata 9. Watu wazima wenye afya mara nyingi huwa kati ya 1 na 3. Alituelewesha kwamba neutrofili huongezeka mwili unapowaka kwa ndani, na saratani hunufaika na moto huo. Limfosaiti ndizo askari wanaoikabili. Namba ikiwa kubwa, moto umezidi na askari wamepungua, na tafiti za nchi nyingi zimeona wagonjwa wa namna hiyo kwa kawaida hawaishi muda mrefu kama wenzao wenye namba ndogo.

Tulilia. Lakini akasema tusubiri: Mama alikuwa pia na malaria, na malaria au maambukizi yoyote huweza kuipandisha namba hiyo. Alipotibiwa malaria, damu ikapimwa tena. Ikawa 5. Imeshuka, ila bado iko juu.

Tukamuuliza, "Kwa hiyo miezi mingapi?" Akajibu kwamba namba hiyo inaeleza kundi la watu, haimtajii mtu mmoja siku yake. Kwetu sisi Waislamu neno hilo lilikaa vizuri moyoni. Ajali anaijua Allah peke yake. Lakini kujua kwamba hali ni nzito kulitusaidia kuamua.

Harusi ya mdogo wetu ilipangwa Unguja, baada ya Idi kubwa. Mama akasema, "Nileteeni huku." Tukaghairi ukumbi. Gauni tulilimalizia usiku mbili, shanga za mkono mmoja hazikutimia. Nikaha ilifungwa Mugumu, sebuleni kwa Mama, baba mdogo akiwa walii. Mama aliketi juu ya godoro, akamtengeneza bi harusi mtandio kwa mkono wake mwenyewe.

Aliishi miezi minne baada ya hapo. Allah amrehemu.

Mabibi harusi, namba ile haigundui saratani, wala msikimbilie kuipima kila mwezi. Kinachookoa ni kuwahi. Tumbo likiuma wiki kwa wiki, mtu akishiba upesi, akikonda, akitapika au akipata choo cheusi, msiridhike na vidonge vya dukani. Ombeni kipimo cha kamera. Ulizeni pia kuhusu bakteria aitwaye Helikobakta pailori. Anaishi tumboni, husababisha vidonda na huongeza hatari ya saratani hii. Hupimwa hata kwa choo, na hutibika kwa dawa.

Kutafuta tiba hakupingani na kutawakali. Kwa hiyo kabla hujaja kwetu kuchagua kitambaa, kaa na mama yako umuulize: tumbo lako, Mama, lina muda gani linauma? Na akijibu, usimtumie pesa tu. Mpeleke.