Mama wa Baraka anajisagia viungo vya taco ili mume apunguze chumvi

San Antonio, Texas. Watoto wa Wakongo wanaosoma Marekani wanarudi nyumbani na neno moja linalochekesha: taco. Kwenye sikio la Mswahili linaingia kama tako, na bibi mmoja mzaliwa wa Baraka, eneo la Fizi, aliposikia mjukuu akisema kwamba leo shuleni wamekula taco, alimwomba anyamaze mbele ya baba yake. Ilibidi mtoto achukue kalamu na kuchora: chapati nyembamba ya mahindi iliyokunjwa, ndani nyama ya kusaga, kitunguu, nyanya, na unga mwekundu wa pilipili.

Mama wa mtoto huyo hakucheka sana. Yeye na familia yake waliishi miaka mingi kambini Nyarugusu, Tanzania, kabla ya kupelekwa Texas, na wakati ule chakula kilikuwa kimoja kwa wote: bugali, maharagi, mafuta kidogo. Sasa nyumba ilikuwa imegawanyika mezani. Baba anafanya kazi ya usiku kwenye ghala, na daktari amemkuta na tansio ya juu. Aliandikiwa dawa na akaambiwa apunguze chumvi. Kwa hiyo yeye akawa anakula peke yake chakula kisicho na ladha, na watoto wakawa wanakula taco zao za pakiti. Baba alivumilia wiki mbili. Wiki ya tatu akaanza kuchota kwenye sufuria ya watoto.

Mama akampa binti yake wa miaka 12 ile pakiti ya viungo asome kilichoandikwa nyuma. Hapo ndipo wengi wanadanganyika, na ndugu zetu walioko ng'ambo watege sikio. Marekani sheria inataka vitu vilivyomo viandikwe kwa uzito, kinachozidi kinatangulia. Kwenye pakiti ile chumvi ilikuwa ya pili. Halafu kuna hesabu. Karatasi ilisema sodiamu miligramu 400, na mama akaona si nyingi. Lakini hiyo ni ya sehemu moja kati ya sehemu 6. Pakiti nzima ni miligramu 2,400. Na sodiamu siyo chumvi yenyewe; ili upate chumvi unazidisha mara mbili na nusu. Yaani gramu 6 za chumvi katika kipakiti kinachoingia kwenye kiganja. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipitishe gramu 5 kwa siku, kwa vyakula vyote pamoja, kiasi cha kijiko kimoja kidogo. Baba huyo, akirudi na njaa ya usiku, alikuwa anamaliza nusu ya sufuria.

Ndipo mama akasema: mimi nimesaga pilipili tangu utoto, kwa nini ninunue ya karatasi?

Mji wenyewe ulimsaidia. San Antonio ni nyumbani kwa pilipili. Zamani, mpaka miaka ya 1930, wamama wa asili ya Meksiko walikuwa wanaweka meza na taa viwanjani jioni na kuuza nyama iliyopikwa kwa pilipili, mpaka wakuu wa mji wakawaondoa kwa sheria za usafi. Wamama wanaouza chakula kandokando ya barabara Goma au Uvira hawahitaji kuelezwa habari hiyo ilivyo. Na unga wa pilipili wa kuuzwa dukani ulianza karibu na hapo: Mjerumani mmoja aliyehamia Texas, William Gebhardt, akiwa katika mji wa New Braunfels miaka ya 1890, alianza kukausha na kusaga pilipili za Meksiko ili zipatikane mwaka mzima. Huko Meksiko kwenyewe watu wengi hawajui pakiti ya taco. Kila nyumba ina pilipili yake na namna yake.

Tena pilipili si mgeni kwetu wala sisi si wageni kwake. Ilitoka Amerika, ikavuka bahari na Wareno, kama mahindi, mihogo na nyanya zilivyovuka. Maharagi nayo ni ya huko. Mkongo anayekula taco anakula vitu ambavyo babu zake wamevipika kwa mamia ya miaka. Kilichobadilika ni mkunjo tu.

Katika duka la Wameksiko mama alikuta pilipili kavu za aina nyingi kuliko alizozijua maishani. Alichukua mbili. Moja inaitwa ancho, pana, nyeusi-nyeusi, tamu kidogo na si kali: hiyo inaleta rangi na unene. Ya pili ni árbol, nyembamba na nyekundu, kali kama ile ndogo ya kwetu. Jirani yake Mmeksiko alimwonyesha jambo ambalo Baraka hawalifanyi: kuziweka kwanza kwenye kikaango kikavu, nusu dakika kila upande, mpaka zitoe harufu. Zikiungua zinakuwa chungu, na hapo utupe uanze upya, hakuna dawa. Unatoa mbegu na ile nyama nyeupe ya ndani, kwa sababu ukali mwingi unakaa kwenye nyama nyeupe hiyo, kisha unasaga. Yeye anatumia mashine ndogo ya kahawa. Kinu kinafaa vilevile, ila funika na kitambaa, fungua dirisha, na watoto wadogo wakae mbali. Vidole vikiwaka, maji peke yake hayatoshi. Paka mafuta ya kula, halafu osha kwa sabuni.

Kwa nusu kilo ya nyama ya kusaga anaweka kijiko kikubwa kimoja na nusu cha unga wa ancho, nusu kijiko kidogo cha ile kali, vijiko vidogo viwili vya bizari nyembamba, kijiko kidogo kimoja kimoja cha unga wa vitunguu saumu, unga wa kitunguu na jani kavu la oregano, nusu ya pilipili manga, na kijiko kidogo cha unga wa mahindi ili mchuzi ushike. Bizari nyembamba aliijua Nyarugusu, kwenye pilau ya Watanzania. Wameksiko wanaiita comino, na harufu ya taco zaidi ya nusu ni hiyo. Asiye nayo atapata chakula kizuri, lakini asikiite taco.

Chumvi haimo kwenye mchanganyiko. Hili ndilo aliloshikilia. Nyama ikishakauka maji na kuanza kupata rangi, anamwaga viungo ndani ya mafuta yaliyomo, anakoroga dakika moja, anaongeza maji nusu kikombe, na mwisho robo ya kijiko kidogo cha chumvi kwa sufuria nzima, kisha anakamua ndimu. Ndimu inafanya ulimi usitafute chumvi. Baba mara ya kwanza alisema kuna kitu kimepungua. Mara ya tatu hakusema kitu. Dawa zake anaendelea kuzimeza. Pilipili haiponyi tansio, na mtu asije akaacha vidonge kwa sababu ya habari hii. Ile chumvi mbadala ya potasiamu inayouzwa madukani nayo isichukuliwe bila kumuuliza daktari, hasa kwa mwenye ugonjwa wa figo.

Kuhusu pesa, tuseme ukweli: pakiti ni rahisi, na mara ya kwanza kununua viungo vyote kuligharimu zaidi. Faida inakuja baadaye, maana mkebe mmoja uliofungwa vizuri na kuwekwa gizani unakaa karibu miezi sita.

Habari ingekwisha hapo kama si mdogo wake. Huyo alibaki upande wa kwetu. Alikimbia vita milimani, akashuka Baraka na watoto wanne, na sasa anakaa kwa familia iliyompokea. Yaya alipomtumia sauti kwenye simu akimweleza viungo, alimjibu kwa swali: hayo yote ya dukani, mtu wa hapa atayatoa wapi? Wakaanza kuhesabu pamoja vilivyopo. Pilipili ipo. Vitunguu saumu vipo, vinakatwa vyembamba na kuanikwa. Tangawizi ipo. Bizari hakuna, oregano hakuna, basi. Na badala ya nyama, maharagi yenye mafuta ya mawese. Yaya alimsisitizia jambo moja: asichanganye humo vidonge vya mchuzi vilivyosagwa, kwa sababu navyo vina chumvi nyingi, na wateja wake wengi ni wazee.

Kwa maana mdogo anataka kuuza, kwa vifuko vidogo, wanunuzi wakiwa wale wamama wanaopika kwenye babula bila muda wa kutwanga. Kuanika anajua, ni mtoto wa ziwa, ameanika ndagala tangu anatembea. Pilipili inataka hivyohivyo: juu ya meza au mkeka ulioinuliwa, si chini kwenye mchanga, igeuzwe, iingizwe ndani kabla ya umande wa jioni. Imekauka pale inapovunjika na kulia. Ikijikunja bado ina maji, na ikifungwa hivyo itaota ukungu. Yenye ukungu haichaguliwi nzuri na mbaya. Inatupwa yote, hata kama inauma.

Ujumbe wake wa mwisho ulifika usiku wa Texas, asubuhi ya Baraka, na mvua inasikika kwenye bati. Amesema pilipili za kwanza, ndoo moja, bado zinajikunja. Amezitundika juu ya jiko la makala kwa mwenye nyumba, na anaomba yaya amwambie kama moshi utaharibu ladha.