Watu wa Mirihi na Furu wa Ghuba ya Mwanza

Mwaka 1986 ulianza kwa habari za anga. Tarehe 24 Januari, Voyager 2, chombo cha Marekani kisicho na mtu ndani, kilipita karibu na sayari ya Uranus, mahali ambapo hakuna chombo kilichowahi kufika. Siku nne baadaye chombo cha anga Challenger kikalipuka sekunde 73 baada ya kurushwa, kikaua watu saba waliokuwamo, mmoja wao mwalimu wa shule. Na nyota yenye mkia ya Halley, inayolizunguka jua mara moja kwa miaka 76 hivi, ilikuwa imekaribia. Sisi wanafunzi wa Mwanza tulizipata habari hizi kwa Radio Tanzania, vipande vipande, kadiri betri zilivyoruhusu. Aliyesikia alimsimulia aliyekosa, na kila msimulizi aliongeza chake.

Katika joto la habari hizo mwalimu wetu wa biolojia akatupa kazi. Tugawanyike makundi, kila kundi lichague sayari moja, lieleze joto lake, hewa yake na uzito wa vitu huko, kisha lijibu: kama kuna kiumbe hai mahali hapo, yukoje? Anakula nini, anapumua vipi, anazaaje, anamkimbia nani? Kazi zetu zingewekwa ukumbini siku ya wazazi. Katika maswali yote niliyoulizwa darasani, mpaka leo sijaona lililo bora kuliko hilo.

Vifaa havikuwapo. Nchi ndiyo kwanza ilikuwa inatoka kwenye miaka ya foleni za sabuni na sukari, na karatasi ya manila ilikuwa kitu cha kubembelezea. Tulichimba udongo wa mfinyanzi kando ya Ziwa Victoria, tukakusanya vibuyu, mabua ya mtama na waya za breki za baiskeli. Kundi letu lilichukua Mirihi. Mwalimu alitueleza kuwa mwaka 1976 Wamarekani walitua huko na vyombo viwili vya Viking, wakaupima udongo wake kutafuta uhai, na wengi wao wakahitimisha kuwa hawakuuona. Hewa ni nyembamba mno, karibu yote kabonidayoksaidi, na baridi yake haielezeki. Kwa hiyo mtu wetu wa Mirihi tukampa kifua kikubwa cha kuvutia hewa haba, manyoya mwili mzima na macho mapana ya kuona mbali katika vumbi. Wa Zuhura walimvika kiumbe wao magamba ya kuhimili joto. Mwenzetu mmoja aliyekulia vijijini alimchukua Shing'weng'we, lile zimwi la masimulizi ya Wasukuma lililomeza watu wote wa nchi mpaka kijana Masala Kulangwa akaliua, akalihamishia kwenye pete za Zohali.

Nikiwapanga upya kichwani viumbe wale, naona walikuwa watu watupu. Kila mmoja alikuwa na kichwa juu, mikono miwili, miguu miwili, na uso wa kututazama. Hata Shing'weng'we alisimama wima. Tuliambiwa tuwaze uhai usio wetu, nasi tukajifinyanga wenyewe na kujipaka rangi.

Nyota ya Halley tuliiona mwezi Machi, alfajiri, katika siku za giza, tukiwa juu ya yale mawe makubwa yanayoubeba mji wa Mwanza. Tulitegemea mkia wa moto kutoka upeo hadi upeo. Tukaonyeshwa kitu hafifu, kama kipande cha pamba iliyochambuliwa, ambacho ukikikazia macho kinapotea. Hatukujua kwamba siku hizohizo, usiku wa kuamkia tarehe 14, chombo cha Ulaya kiitwacho Giotto kilikipita kiini cha nyota ile umbali wa kilomita zipatazo 600 na kukipiga picha. Kule chini, ziwani, karabai za wavuvi wa dagaa zilikuwa zinawaka, kwa sababu usiku usio na mwezi ndio usiku wa dagaa. Sisi tulizipa mgongo ili zisituharibie macho.

Chini ya taa hizo kulikuwa na nini, ndilo jambo ninaloliandikia leo.

Kwa mtoto wa Mwanza furu alikuwa samaki asiye na heshima. Mdogo, mwenye miiba, anayenaswa na ndoana yoyote. Watoto walimvua, kina mama wakamwanika juu ya mawe, na aliyekosa sato alikula furu. Utafiti uliofanywa ziwa zima kati ya 1969 na 1971 ulikadiria kuwa karibu asilimia 80 ya uzito wa samaki wa vilindini ilikuwa furu. Katika miaka hiyohiyo ya 1970 kilijengwa kiwanda Mwanza cha kuwasaga wawe unga wa kulishia mifugo. Jina lilikuwa moja, furu, na wengi wetu tulidhani samaki ni mmoja.

Walikuwa aina zipatazo 500. Na aina hizo, kwa makadirio ya wanasayansi, zilitokea ndani ya miaka 15,000 hivi, tangu ziwa lilipokauka na kujaa tena. Hakuna mahali pengine duniani wanapojulikana wanyama wenye uti wa mgongo waliozaa aina nyingi namna hiyo kwa muda mfupi namna hiyo.

Kila furu ana taya mbili. Moja iko mdomoni, ya kukamatia. Ya pili iko kooni, ina meno yake, na kazi yake ni kusaga. Taya hizo mbili zilipogawana kazi, kila aina ilijitafutia riziki yake. Wako waliovunja konokono kwa meno ya kooni. Wako waliokwangua mwani kwenye mawe, waliochuja matope, waliokula wadudu, waliokula uduvi, waliokula furu wenzao. Wako walioishi kwa kubandua magamba ya samaki wengine walio hai. Jike la furu huyatunza mayai na watoto mdomoni mwake, na zikawapo aina zilizofanya riziki yao kuwa ni kumshambulia mama huyo hadi ateme, kisha wakawameza wanawe. Mwalimu alipouliza kiumbe anakula nini na anamkimbia nani, majibu zaidi ya mia yalikuwa yanaogelea mahali ambapo tungeweza kwenda kwa miguu na kurudi kabla ya chakula cha mchana.

Na yalikuwa yanafutika mwaka uleule. Sangara aliletwa ziwani na maofisa wa uvuvi upande wa Uganda katika miaka ya 1950, na akapandikizwa tena mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa hoja kwamba furu hana faida, bora aliwe na samaki mkubwa anayeuzika. Kwa miaka mingi alionekana mmoja mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 akajaa Ghuba ya Mwanza, na kufikia katikati ya muongo huo nyavu zilizokuwa zikileta furu zikawa zinaleta sangara na dagaa. Inakadiriwa aina zipatazo 200 za furu zilipotea. Sangara hakuwa peke yake. Kokoro na meli za uvuvi zilikwisha kuwapunguza, na maji yenyewe yalikuwa yanachafuka kwa udongo wa milima iliyokatwa miti na kwa taka za miji, mwani ukastawi, hewa ya vilindini ikapungua.

Simlaani sangara. Amejenga nyumba nyingi Igogo na Kirumba, na viwanda vya minofu vilipofunguliwa miaka ya 1990 ada za watoto wengi zilitoka mgongoni mwake. Ninachokisikitikia ni kwamba ulimwengu mzima ulizimika mbele ya madirisha ya shule yetu na sisi tukiwa tunafinyanga watu wa Mirihi.

Walikuwapo waliokuwa wanaangalia. Mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, akiwamo Frans Witte, walianza kazi Mwanza ya kuwahesabu na kuwaainisha furu wa ghuba, wakakuta zaidi ya aina 100 katika ghuba hii peke yake. Walikuja kujifunza jinsi aina zote hizo zinavyoishi pamoja, wakajikuta wanaandika jinsi zinavyotoweka. Mwaka 1985, uleule Mwalimu Nyerere alipong'atuka, Witte na mkewe walimpa furu mmoja mwekundu jina la nyererei. Jamaa yake wa rangi ya samawati anaitwa pundamilia. Baadaye Ole Seehausen na wenzake walionyesha, mwaka 1997, kwamba jike huchagua dume kwa rangi. Maji yakichafuka rangi hazionekani, aina zilizokuwa mbili zinaoana na kuwa moja. Mambo haya yote yalichapwa kwa lugha za mbali, katika majarida ambayo hayakufika maktaba ya shule yoyote niliyoijua. Katika daftari letu la biolojia samaki wa kuchora na kutaja sehemu zake alikuwa sato.

Mwaka huohuo wa 1977 Marekani ilirusha Voyager mbili, kila moja ikiwa na sahani ya shaba iliyopakwa dhahabu, ujumbe kwa kiumbe yeyote atakayeiokota. Ndani yake kuna salamu kwa lugha 55. Kiswahili hakimo, lakini Kiganda kimo, lugha ya ng'ambo ya ziwa letu, kinawatakia wasikilizaji amani. Imo pia picha ya Jane Goodall na sokwe. Voyager 1 sasa iko zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka hapa na bado ina sahani yake. Najiuliza mara nyingi ni mzee gani wa kisiwa cha Ukara au Kome aliyewahi kuulizwa majina ya furu wake, akarekodiwa.

Mpwa wangu yuko kidato cha pili, Ilemela. Juzi alinijia na kazi ya shule inayofanana na yetu ya 1986 kama si ileile. Lakini ujuzi aliokuja nao! Sisi tulikuwa na sayari tisa. Sayari ya kwanza inayozunguka nyota kama jua letu iligunduliwa 1995, na leo zinazojulikana zimepita 6,000. Anajua darubini ya James Webb. Anajua Europa, mwezi wa Mshtarii unaodhaniwa kuwa na bahari chini ya barafu, na chombo cha Europa Clipper kilichorushwa Oktoba 2024 ili kifike huko 2030. Yote yamo kwenye simu ya mama yake. Akanionyesha mchoro: msichana wa kijani mwenye nywele ndefu.

"Anaishi chini ya barafu, mjomba."

"Anakula nini?"

"Samaki."

"Na hao samaki wanakula nini?"

Akanyamaza. Nikamwambia habari za taya ya kooni. Hakuniamini, akafikiri namtania, ikabidi Jumamosi twende soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Sangara tele, sato, dagaa kwa magunia. Furu walikuwapo pia, mafungu machache pembeni, kwa sababu wamerudi kiasi. Sangara alipovuliwa sana miaka ya 1990, baadhi ya aina zilizodhaniwa zimekwisha zilianza kuonekana tena ghubani, na watafiti walipozipima walikuta zimebadilika: matamvua yameongezeka ukubwa kwa ajili ya maji yenye hewa haba, na vyakula vyao vimekuwa vingine. Ilichukua miaka 20 hivi. Sisi tulimpa mtu wa Mirihi kifua kikubwa kwa sababu ya hewa haba, na furu walikuwa wanafanya jambo hilo kweli, katika miili yao, mita chache kutoka ufukweni.

Tulinunua fungu moja. Nyumbani mpwa wangu aliwapasua kwa wembe juu ya gazeti, akaitafuta taya ya pili, akaipata, akaita nyumba nzima ije kuona. Mchoro wa msichana wa kijani ameuacha. Kiumbe wake mpya hana uso, na ameanza kumpangia wanaomla.

Lakini wengi wa wale 200 hawatarudi. Baadhi yao wamebaki Leiden tu, ndani ya chupa za spiriti, rangi zikiwa zimekwisha kutoka.

Kwa walimu wa sayansi wa Mwanza, Sengerema, Ukerewe, Magu na Musoma, hasa wanaowaandaa wanafunzi kwa maonyesho ya Young Scientists Tanzania: swali la viumbe wa sayari nyingine msiliache, ni swali zuri. Ila kabla ya manila na rangi, wapelekeni watoto mwaloni, wanunue furu wa bei ya fungu moja, wawafungue midomo. Waombeni watafiti wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, walioko hapahapa Mwanza wawaonyeshe wanachokijua. Na kama kijijini kwenu yuko mzee aliyevua kabla ya sangara, mpelekeeni mtoto mwenye daftari, aandike kila jina la furu ambalo mzee huyo bado analikumbuka.