Jarida Lisilochagua Fani

Swali lililonifuata katika kazi yangu yote ya uhariri ni la mashaka: mkoa kama Singida una haja gani ya jarida la kitaaluma, tena lisilo na fani maalumu? Wengi waliouliza ni wasomi wenzangu, na hoja yao si ya kubezwa. Jarida linalopokea kemia, historia, ufugaji na sheria kwa pamoja hufanana na gulio, ambako bidhaa ni nyingi na mjuzi wa kila bidhaa ni haba. Walitaka tuchague kilimo, tuandike juu ya alizeti, yaishe.

Jibu langu limesimama juu ya maji. Visima vingi vya mkoa huu vina floraidi, madini ambayo yakizidi hutia meno madoa ya kahawia, na mtu akiyanywa kwa miaka mingi huharibu hata mifupa. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania, kuanzia miaka ya 1970, ilikubali kiwango cha muda cha hadi miligramu 8 kwa maji ya vijijini. Baadaye ikakishusha hadi 4, na mwishowe ikafika 1.5. Ile 8 haikutoka maabara. Ilitokana na hesabu nyingine: ukifunga kila kisima kilichozidi kipimo, watu watakunywa nini? Ulikuwa uamuzi wa uchumi na siasa ulioandikwa kwa vipimo vya kemia, na mkemia peke yake hawezi kuueleza, wala mwanasiasa peke yake hawezi kuusahihisha. Daktari wa meno ataandika juu ya madoa, mhandisi juu ya kina cha kisima, mtaalamu wa jamii juu ya sababu za mama kukipita kisima kipya na kwenda kuchota kwenye kile cha zamani. Wakichapisha katika majarida manne tofauti, hawatasomana. Katika miswada niliyopitia, kasoro iliyojirudia zaidi ya sarufi mbovu ni hii: mtafiti anarejea kazi za India na Ethiopia, lakini hana habari ya utafiti wa fani nyingine uliofanyika wilaya hiyohiyo anayoiandikia.

Kuchanganya fani si jambo geni. Philosophical Transactions, lililoanza London mwaka 1665, halikujua mipaka tunayoilinda leo. Hapa kwetu, Tanganyika Notes and Records lilianza mwaka 1936 na kuweka miamba, wanyama, mila na historia ndani ya jalada moja, na baada ya Uhuru likaendelea kwa jina la Tanzania Notes and Records. Humo ndimo Marguerite Jellicoe alimochapisha mwaka 1969 makala yake juu ya harakati za upinzani za Wanyaturu, ambayo yeyote anayeandika historia ya Singida hawezi kuiruka. Hata hivyo, silisifu lote. Katika miaka ya ukoloni waandishi wake wengi walikuwa maofisa na wamisionari, na wenyeji wengi walikuwa watoa habari tu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina jarida lake, Huria, linalopokea fani nyingi, na hilo linaonyesha kwamba chuo chenye vituo mikoani kinaweza kubeba mzigo huu bila kuona haya.

Hoja nzito zaidi ni ya tathmini: nani atapima makala ya kila namna? Utaratibu niliousimamia ni kwamba kila mswada usomwe na wahakiki wawili wa fani husika, wasiomjua mwandishi, kisha na mmoja wa nje ya fani. Wawili wanakagua mbinu. Wa tatu anauliza yale ambayo wenye fani huyachukulia kuwa yanajulikana: sampuli ilichukuliwa msimu gani, kaya ilihesabiwaje mahali ambapo baba ana miji miwili. Njia hii inachelewesha toleo, na wahadhiri vijana wanaosubiri kupanda cheo hulalamika kwa haki. Lakini wanaowaharakisha ni wale wachapishaji wa mtandaoni wanaopokea ada leo na kukubali makala kesho, na kamati za vyeo zimeanza kuwatambua.

Wapo pia waliosema jarida la mkoani halitasomwa. Zamani ningekubali, maana nakala zilifia kwenye makabati ya maktaba. Tangu mtandao wa majarida wa African Journals Online ulipoanza mwaka 1998, umbali kutoka Dar es Salaam umepungua uzito, mradi matoleo yatoke kwa wakati. Hapo ndipo fedha na nguvu zetu zilipaswa kwenda, yaani kwa msomaji wa prufu na kwa toleo la tatu na la nne, kabla ya hafla ya uzinduzi. Kila makala tuliitaka iwe na ikisiri ya Kiswahili, ili mhandisi wa maji wa wilaya aone matokeo ya kisima chake bila kumsubiri mtafiti arudi.