Tulichokikuta Chini ya Sakafu

Jumamosi moja ya Mei 2015 mume wangu alirudi nyumbani amepanda mbele ya lori la kubebea magari mabovu. Nyuma ya lori hilo kulikuwa na kitu kirefu cha mviringo, cha rangi ya kijivu iliyofifia, mfano wa ndege isiyo na mabawa. Tairi zake zilikuwa na nyufa kama ardhi ya kiangazi, na kwenye tundu la hewa la paa ndege walikuwa wamejenga kiota. Watoto walikimbia nje wakishangilia. Mimi nilibaki mlangoni na mwiko mkononi.

"Mama, njoo usome kilichoandikwa hapa ubavuni," aliniita.

Nilisogea nikasoma. Palikuwa na kibao kidogo cha chuma chenye neno moja tu: Safari.

"Umeinunua kwa fedha gani?" niliuliza.

Hakujibu, nami nikajua jibu.

Ndugu msomaji, ili unielewe sina budi kukueleza hali yetu. Sisi tunaishi Columbus, katika jimbo la Ohio, Marekani, tulikohamia kutoka Moshi. Miezi minne kabla ya siku hiyo mume wangu alikuwa amepunguzwa kazi katika ghala moja la mizigo. Mimi nilikuwa nikiwahudumia wazee zamu ya usiku. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimedunduliza dola 6,500 ili tumalizie na kuezeka nyumba ya mama yangu huko nyumbani. Katika fedha hizo, dola 4,000 zilikuwa zimekwenda kwa mkulima mmoja wa jimbo la jirani la Indiana, ambaye trela hiyo ilikuwa imekaa nyuma ya zizi lake miaka mingi.

Nilimwambia mume wangu maneno ambayo nayakumbuka hata leo: "Mama yangu anasubiri bati, wewe umeniletea bati lenye magurudumu!"

Nyumba ya kuvutwa

Trela ile ilikuwa Airstream ya mwaka 1964, ya futi 22. Hizi ni nyumba ndogo za kusafiria zinazovutwa na gari, zenye vitanda, jiko na choo. Aliyezianzisha ni Mmarekani aitwaye Wally Byam, na ile iliyompa jina, Clipper, ilitoka mwaka 1936. Ngozi yake ni mabati ya alumini yaliyopigiliwa ribiti kwa mamia, kama mwili wa ndege. Kiwanda kimoja kipo Jackson Center, hapa hapa Ohio, tangu mwaka 1952, na hadi leo kinaendelea kuzitengeneza.

Mume wangu alijua habari zake zote. Aliniambia kwamba mwaka 1959 Byam aliongoza msafara wa trela 41 za namna hiyo kutoka Cape Town hadi Cairo, wakapita Kongo, Uganda, Kenya na Ethiopia, na huko Addis Ababa wakamwona Mfalme Haile Selassie. "Kitu kilichopita kwetu, na jina lake Safari," alisema, kana kwamba hilo lingenituliza. Mpango wake ulikuwa kuitengeneza na kuiuza kwa faida, kwa kuwa wapo watu wanaozitafuta sana zile za zamani.

Nilimjibu, "Iuze, urudishe fedha ya mama." Aliahidi. Baada ya hapo tuliongea kwa kupitia watoto. "Mwambie baba chakula kipo mezani." "Mwambie mama nimesikia."

Tuling'arisha kwanza

Trela za miaka ile zilipakwa dawa ya kung'aa kiwandani, na ikizeeka hubanduka kama ngozi iliyoungua jua. Mume wangu aliiondoa yote kwa dawa, kisha akaanza kung'arisha alumini kwa mashine yenye kitambaa cha manyoya ya kondoo. Ni kazi chafu. Uchafu mweusi kama masizi humrukia mtu usoni, na sehemu moja hurudiwa mara tatu au nne. Lakini kufikia Julai ubavu mzima ulikuwa kioo. Majirani walisimama kupiga picha. Kina mama wa kanisani walikuja kujitazama humo na kurekebisha vitambaa vyao vya kichwa. "Mmebarikiwa," waliniambia, nami nikaitikia, "Amina."

Jumapili tulikaa kiti kimoja, tukaimba kwaya, tukasalimia watu mlangoni. Hakuna aliyejua kwamba ndani ya gari, kwenda na kurudi, hatukusemezana neno.

Mwezi wa Agosti ilinyesha mvua ya siku mbili. Asubuhi yake trela ilinuka kama gunia la mahindi yaliyolowa. Mzee mmoja mstaafu wa mtaani kwetu, aliyewahi kutengeneza trela kama hizo, alikuja kuangalia. Hakugusa ule ubavu unaong'aa. Alikwenda moja kwa moja nyuma, akapanda juu ya bampa akaruka kidogo. Chesisi ilishuka kwa uzito wake, lakini mwili wa trela haukushuka nayo. Ulibaki juu, na mwanya ukaonekana kati yao.

"Sakafu imekwisha," alisema.

Hapo ndipo nilipojifunza siri ya vitu hivi. Alumini yenyewe haipati kutu kama chuma, lakini chini yake kuna chesisi ya chuma, na kati yake kuna sakafu ya plaiwudi. Sakafu hiyo ndiyo inayoushika mwili na chesisi pamoja. Maji huingia kidogo kidogo kwenye viungo vya madirisha, kwenye matundu ya paa na kwenye taa za nyuma. Hushuka ndani ya ukuta pasipo mtu kuyaona, yakatua kwenye kingo za plaiwudi na kuiozesha. Kwa nje trela hungʼaa, na kwa chini imeshaachana na chesisi yake.

Mume wangu alifunua zulia. Bisibisi ilizama kwenye mbao kama kisu kwenye papai. Ndani ya ukuta tulikuta pamba ya kioo iliyojaa vinyesi vya panya. Akageuza ndoo, akaikalia, na machozi yakamtoka. Sikuwa nimemwona akilia tangu alipomzika baba yake.

"Nilipaswa kuanza chini," alisema. "Nimeanza na kile ambacho watu wanakiona."

Kisha akaanza kusema mengine. Kila asubuhi niliporudi kutoka kazini na kumkuta amekaa, alitamani ardhi imfiche. Alitaka kitu cha kufanya kwa mikono yake. Hakuniuliza habari ya fedha kwa sababu alijua ningekataa. "Nilikuibia, mama," alisema. "Nisamehe." Hakutafuta neno laini la kuliita.

Ningeweza kuishia hapo na kuhesabu kwamba nimeshinda. Lakini Bwana alinikumbusha yangu. Tangu alipopunguzwa kazi nilikuwa nimeacha kumuuliza jambo lolote. Ada za watoto niliamua mwenyewe, na fedha ya mafuta ya gari nilimpimia kama mtoto. Mbele za watu nilimwita "baba" kwa adabu, lakini nyumbani nilikuwa nimemvua heshima kimya kimya, na niliona fahari kwamba mimi ndiye ninayebeba nyumba. Hayo hayakufuta kosa lake. Ila nayo yalikuwa maji ndani ya ukuta, na mimi ndiye niliyeyaacha yaingie. Nilimwambia hivyo, nikiwa nimesimama kwenye sakafu iliyooza.

Mmoja nje, mmoja ndani

Tulianza upya. Tulivaa barakoa na glavu, tukatoa pamba chafu na plaiwudi yote. Chesisi ilikwanguliwa kutu, na sehemu zilizolika zikachomelewa vyuma vipya. Plaiwudi mpya ilipakwa dawa ya kuzuia maji kwenye kila ukingo kabla ya kuwekwa. Kila kiungo cha nje kilizibwa kwa gundi ya mpira, kisha tukakijaribu kwa mpira wa maji, mmoja akimwagia nje na mwingine ndani akitafuta tone.

Kazi iliyotufundisha zaidi ni ya ribiti. Ribiti hizi haziwezi kupigwa na mtu mmoja. Mmoja hukaa nje na nyundo ya upepo, akaigonga kwenye kichwa cha ribiti. Mwingine hukaa ndani, ameshikilia kipande kizito cha chuma dhidi ya mkia wake, ili kila pigo liubonyeze mkia uwe bapa na kushika mabati. Aliye nje akianza kabla mwenzake hajawa tayari, bati hubonyea. Aliye ndani akilegeza mkono, ribiti hupinda, nayo ikipinda hakuna budi kuitoboa na kuanza tena. Nao hawaonani, kwa kuwa kati yao kuna ukuta.

Mtoto wetu mkubwa alikuwa na shule, kwa hiyo niliingia ndani mimi, nikiwa na vizibo masikioni na jasho likinichuruzika. Tulikubaliana ishara. Nikisema "Tayari!" ndipo anapiga. Nikigonga mara moja, ni nzuri. Nikigonga mara mbili, turudie. Siku ya kwanza tuliharibu ribiti 19, na mara kadhaa nilisikia akivuta pumzi nje ya ukuta kama mtu anayezuia neno. Mimi nami nilizuia langu. Siku ya tatu tuliharibu mbili tu. Tulipomaliza tulikuwa tumepiga zaidi ya 300.

Kwa miezi mingi sikuwa nimemwambia mume wangu "niko tayari" kwa jambo lolote. Sasa nilikuwa nikimwambia mara mia kwa siku, naye alikuwa akingoja nilitamke.

Njia ya mlimani

Mume wangu alipata kazi ya kudumu Februari 2016, lakini hakusahau ahadi yake. Mnunuzi alipatikana North Carolina, kwa dola 14,500, kwa sharti tumpelekee. Tuliazima pikapu ya rafiki, na mwezi wa Oktoba tukajiandaa.

Kusafirisha trela ya zamani kunataka uangalifu. Tairi zilikuwa mpya, kwa sababu mpira huzeeka hata kama haujatembea. Ekseli pia ilikuwa mpya, kwa kuwa ile ya zamani hutegemea mipira iliyo ndani yake, na ya kwetu ilikuwa imegeuka jiwe. Beringi zilitiwa grisi. Minyororo miwili ya usalama ilipitishwa chini ya mkono wa kuvutia, ikapishana, ili kifungio kikichomoka mkono uangukie minyororo na si barabara. Baada ya kilomita 80 za kwanza tulisimama na kukaza nati za magurudumu upya.

Tuliteremka barabara ya I-77 kupitia milima ya West Virginia na Virginia. Kwenye mteremko mrefu wa Fancy Gap trela ilianza kuyumba. Kwanza kidogo, kisha kama mkia wa mamba. Niliona ubavu wake kwenye kioo cha kushoto, halafu cha kulia. Nilitaka kupiga kelele, "Shika breki!" Ashukuriwe Mungu, sikupiga. Gari linalovuta likifungwa breki ghafla katika hali hiyo, trela huweza kulisukuma na kulipindua. Mume wangu aliachia mafuta, akashika usukani bila kuupigania, akabonyeza taratibu kile kidude kinachofunga breki za trela peke yake. Trela ikajinyosha nyuma yetu. Nilisikia nikilitaja jina la Yesu, sijui kwa mara ya ngapi.

Tulipopata mahali pa kusimama alifungua mlango wa trela akatazama. Mimi ndiye niliyepakia maboksi ya vifaa na zulia zito, na yote nilikuwa nimeyasukuma mwisho kabisa. Trela hutakiwa kulalia gari linaloivuta kwa kiasi cha sehemu 10 hadi 15 katika kila 100 za uzito wake. Uzito ukizidi nyuma, mbele hunyanyuka, na kuyumba huanza.

Angeweza kusema mengi. Alichosema ni, "Tumeweka nini huku nyuma, mama?"

Alisema "tumeweka." Mimi siku ile ya Mei nilikuwa nimesema "umeinunua." Tulihamisha maboksi pamoja hadi mbele ya magurudumu, tukaomba, tukaendelea.

Usiku wa mwisho tulilala ndani ya trela ile, mara yetu ya kwanza na ya mwisho. Nilimwambia, "Tukitaka tunaweza kubaki nayo." Alinijibu, "Niliahidi." Kesho yake tuliikabidhi, tukarudi Ohio na pikapu tupu. Nyumba ya mama yangu iliezekwa Desemba mwaka huo huo, na tulipotoa gharama zote bado zilibaki fedha kidogo za watoto.

Dada mpendwa, Bwana wetu aliwaonya Mafarisayo juu ya makaburi yaliyopakwa chokaa (Mathayo 23:27), nami nilidhani neno hilo ni la watu wengine. Labda na wewe watu wanasifu nyumba yako Jumapili, na siku nyingine ujumbe unapitia kwa watoto. Usingoje mvua ya siku mbili. Funua zulia mapema, wewe na mwenzako, kabla hamjaanza kung'arisha. Aliyekosa na aseme kosa lake kwa jina lake, na aliyekosewa naye achunguze upande wake wa ukuta. Na kama huko chini kuna hatari kwako au kwa watoto, usibaki nayo peke yako, mwite mtu mzima mwenye hekima aje asimame juu ya bampa.

Ribiti moja iliyopinda siku ile ya kwanza ninayo hadi leo, kwenye kopo langu la sindano. Nikiona nimeanza kuamua mambo peke yangu, huitoa nikamwita mume wangu. Naye, hata akiwa chumba cha pili, huitikia kwa kugonga ukuta mara moja.