Sanduku Mmelipeleka Wapi?

Mimi si prodyuza. Riziki yangu ni habari. Lakini kwa sababu miaka yote hii nimekuwa nikikata sauti za mahojiano kwenye laptopu, ndugu zangu wa Unguja waliamua kwamba mtu anayeweza kukata hotuba ya waziri hawezi kushindwa na nyimbo sita za kidumbaki. Nikakubali, kwa ujinga.

Kwa msioijua kidumbaki, ni ndugu mdogo wa taarabu, yule asiyevaa suti. Ngoma mbili ndogo, fidla, mkwasa, cherewa, waimbaji, na sanduku. Sanduku ndiyo besi yenyewe: kasha la mbao, zamani lilikuwa la chai, limepinduliwa, fimbo imesimama pembeni, uzi mmoja umefungwa kutoka kwenye fimbo hadi kwenye kasha. Mpigaji akiivuta fimbo uzi unakaza na sauti inapanda, akiilegeza inashuka. Hakuna alama ya kukuonyesha noti iko wapi. Unaitafuta kwa bega.

Mjomba wangu ameitafuta kwa bega hilohilo katika harusi za Unguja tangu sijazaliwa, na mwaka jana bega lilikataa. Tulikuwa tumewahi kumrekodi miezi michache kabla, katika chumba kimoja cha Ng'ambo, maikrofoni mbili, magodoro ukutani, feni juu kwa sababu bila feni watu wangezimia. Hatuna rekodi yake nyingine yoyote. Mjukuu wake anaolewa, na kinachotakiwa ni kwamba siku hiyo babu apige hata kama hapigi.

Kumiksi nilijikongoja hadi nikamaliza. Ikabaki kumasta, ile hatua ya mwisho ya kuusawazisha wimbo mzima ili usikike vizuri kwenye spika ya ukumbini, kwenye redio ya gari na kwenye simu. Kazi hii kwa kawaida hupewa mtu mwenye masikio yaliyozoea na chumba kisichodanganya. Mimi nina chumba Kinondoni chenye dirisha la barabarani. Ndipo nikaingia kwenye soko la ikwalaiza zinazojiendesha.

Ikwalaiza ya kawaida inakupa vitufe na kukuachia uamuzi: ongeza besi, punguza trebo. Hizi mpya zinasikiliza zenyewe halafu zinaamua. Si zote zinafanya kazi moja, na hilo lilinichukua wiki mbili kulielewa. Ozone na smart:EQ zinasikiliza wimbo wako kwa muda mfupi, zinaulinganisha na umbo la sauti la aina fulani ya muziki, kisha zinachora mstari wa kuziba tofauti. Gullfoss haikuulizi aina ya muziki; inafuata kielelezo cha namna sikio la binadamu linavyosikia, na inajirekebisha muda wote wimbo unapocheza, waliyoitengeneza wanasema zaidi ya mara 300 kwa sekunde. Halafu kuna soothe2, ambayo kazi yake ni kuwinda milio inayojitokeza kupita kiasi na kuibana papo hapo. Ukisoma matangazo yake unadhani zote ni kitu kimoja. Ukinunua moja kwa kazi ya nyingine, shauri yako.

Niliyoanza nayo sitaitaja, maana kosa lilikuwa langu. Iliniomba nichague aina ya muziki. Orodha ilikuwa ndefu, kidumbaki hamna. Nikachagua iliyoelekea kufanana, nikabonyeza, nikasubiri. Jamani! Cherewa zikang'aa, waimbaji wakasogea mbele, ule ukungu wote ukaondoka. Nilikuwa nimevaa hedifoni ndogo za simu, zile zisizo na besi ya maana, na wimbo ulikuwa umepanda sauti kidogo kuliko ulivyokuwa. (Huu ni mtego wa zamani: sikio likipewa kitu chenye sauti kubwa zaidi, linakiita kizuri zaidi. Kabla hujalinganisha, shusha kilichorekebishwa mpaka vilingane. Mimi sikushusha.) Nikatuma Unguja usiku uleule.

Binamu yangu akauunganisha kwenye spika kubwa za harusi. Jibu likaja kwa sauti, WhatsApp, mjomba mwenyewe: "Mwanangu, mmefanya kazi nzuri sana, Mungu awalipe. Lakini sanduku mmelipeleka wapi?"

Nikarudi kuutazama ule mstari. Chini ya hezi 150 ulikuwa umebonyea kama godoro la gesti. Kati ya hezi 2,000 na 4,000 ulikuwa umebonyea tena, pale upinde wa fidla unapokwaruza. Programu haikuwa na nia mbaya. Ilikuta chini huko sauti inayoteleza, isiyokaa kwenye noti, ikaona ni uchafu wa chumba. Ni sawa na kompyuta inavyonipigia mistari myekundu chini ya kila neno la Kiswahili, aya nzima inavuja damu, na mimi nimeandika sahihi kabisa.

Tofauti ni kwamba mistari myekundu huwa naicheka. Hii niliipenda. Na nikakumbuka jambo ambalo sipendi kulikumbuka. Mwaka wangu wa kwanza gazetini nilimhoji mama mmoja wa Pemba anayeuza pweza. Alizungumza Kipemba chake, maneno mazito, mengine sikuyajua. Nikakaa nikayanyoosha yote yawe Kiswahili sanifu, na mhariri akanipongeza kwa nukuu safi. Habari ilipotoka mama akasomewa, akanipigia simu. Hakuwa na hasira. Alitaka tu kujua yule mwanamke niliyemwandika ni nani. Sijawahi kupata jibu zuri la kumpa.

Basi nikaanza upya, na safari hii sikutafuta programu inayopendeza haraka. Nilitafuta inayokubali kukataliwa. Baadhi ya hizi programu, soothe2 ikiwemo, zina kitufe cha kukusikilizisha kile tu kinachoondolewa. Nadhani hicho ndicho kitu cha kwanza cha kuulizia kabla hujatoa hela. Nilipokibonyeza kwenye mojawapo, wimbo wote ukanyamaza, akabaki mjomba. Dum, du-dum, mbali, kama mtu anayepiga mlango wa nyumba ya pili. Nikasikiliza nyimbo mbili nzima hivyo, takataka tupu, na zilikuwa dakika nzuri kuliko zote za kazi hii.

Ila humo humo kwenye takataka kulikuwa na feni. Kwa haki, mashine haikukosea yote. Umeme wetu ni wa hezi 50, na feni ilikuwa ikivuma hapo na kwenye 100, katikati kabisa ya njia ya sanduku. Hakuna programu itakayojua lipi ni feni na lipi ni mjomba kama wewe mwenyewe hujui.

Nilijaribu pia njia ya kuipa programu wimbo wa mfano, iuchukue kama kipimo badala ya orodha yake. Wazo zuri, na smart:EQ na Ozone zote zinaruhusu. Nikaipa rekodi ya zamani ya harusi, ya kaseti, iliyokopiwa mara kadhaa. Ikanirudishia wimbo mpya uliozeeka: trebo imekatwa, fidla imefunikwa blanketi. Ilikuwa imejifunza kaseti, muziki wenyewe haikuugusa.

Mwisho wake nilichukua programu yenye kitufe kile cha kusikiliza kinachotolewa, na inayokubali kuwekewa mpaka. Nikaiambia isishuke chini ya hezi 200, ifanye kazi kwa theluthi ya nguvu yake, na kwenye fidla isiondoe zaidi ya desibeli moja na nusu. Feni nikaikata kwa mkono, na ikwalaiza ya kawaida, mikato miwili myembamba kama wembe. Siku tatu kwa nyimbo sita. Fundi halisi angemaliza mchana mmoja.

Wiki iliyopita nilipanda boti nikaenda nazo. Mjomba hakukaa kitini, alisimama kando ya spika na kiganja juu ya ubao wake, hivyohivyo anavyoshika sanduku. Wimbo wa kwanza, wa pili, kimya. Wa nne, ubeti wa tatu, akashtuka. "Rudisha hapo." Nikarudisha. "Mie hapo nimekosea. Fimbo imenitoka." Kwenye ile rekodi ya kwanza kosa hilo halikusikika, lilikuwa limezikwa pamoja na kila kitu.

Akanitazama. "Hiyo kompyuta yako haiwezi kunifichia, mwanangu? Pale tu?"

Inaweza. Ni kama sekunde mbili. Harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo, na bado sijamjibu.