Demani na Watahini

Katika rafu yangu ya vitabu pana kitabu cheusi chenye maandishi ya dhahabu ubavuni. Si kitabu cha dukani. Ni tasnifu ya uzamili, nakala niliyoletewa zawadi na binti aliyeiandika, na katika ukurasa wa shukurani limo jina langu. Nilipoipokea nilifurahi furaha ya mtu ambaye hakupata kusoma chuo kikuu hata siku moja, kisha akajiona ameingia maktabani mwake kwa mlango wa mbele. Leo nikikifungua kitabu hicho macho hukimbilia sura ya nne, na furaha yote hunitoka.

Binti huyo alinijia barazani alasiri tatu mfululizo. Alikuwa akitafiti taswira za bahari katika mashairi ya visiwani, na mkononi alikuwa na daftari la marehemu babu yake, lenye beti zisizo na jina la mtunzi. Katika ubeti mmoja baharia yumo chomboni usiku, naye anasema kwamba ameishika demani na hataiachia mpaka kuche.

"Mjomba, demani hapa ina maana gani?" aliniuliza.

Nilimjibu papo hapo. Demani, nilimwambia, ni majira. Ni ule mwisho wa kusi, baina ya Agosti na Novemba, upepo unapopoa na bahari ikatulia. Baharia huyu ameshikilia tumaini la utulivu. Maelezo yalikuwa matamu, nami niliyapenda kwa utamu wake. Aliyaandika, na juu yake akajenga sura nzima kuhusu subira.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe. Msimamizi wake aliisoma kazi sura kwa sura. Ilipokamilika ilipelekwa kwa mtahini wa ndani, kisha kwa mtahini wa nje, mtaalamu wa chuo kingine ambaye hakuwa na mkono wowote katika kuisimamia. Kila mmoja aliandika ripoti yake na kupendekeza hukumu: ipite kama ilivyo, ipite kwa marekebisho madogo, irudishwe ikaandikwe upya, au ikataliwe. Mwisho akaitwa mbele ya jopo aitetee kwa mdomo. Waliuliza kwa nini alichagua nadharia ile na si nyingine, mashairi aliyateuaje, na mbona baadhi ya marejeo hayakuandikwa kwa utaratibu mmoja. Mmoja wao aligusa ule ubeti: uthibitisho wa maana hii uko wapi? Binti akajibu kuwa alimhoji mshairi na mfasiri wa siku nyingi, na tarehe ya mahojiano imo. Mtahini akatikisa kichwa kwa kuridhika, wakaendelea.

Alipewa marekebisho madogo: nukta, mikato, kurasa mbili zilizopishana nambari. Akayatimiza, tasnifu ikapigwa jalada, shahada ikatoka.

Sisemi haya kwa kuwakebehi watahini. Desturi ya mtahini wa nje tumeirithi Uingereza. Chuo cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 chini ya Chuo Kikuu cha London, mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 kikasimama peke yake. Bwana akaondoka, desturi ikabaki. Ilibaki kwa sababu ina hekima: aliyefundisha asiwe yeye peke yake wa kuhukumu. Mimi niliyejisomea kwa taa ya chemli, bila ya mtu wa kunikosoa, naijua thamani ya jicho la mgeni kuliko wengi waliolipata bure.

Mwaka mmoja baada ya sherehe ya mahafali nilikuwa Mkokotoni. Mzee mmoja alikuwa chini ya mwembe akishona tanga, nami, kwa kutaka mazungumzo, nikamsomea ule ubeti. Akacheka hata sindano ikamponyoka.

"Bwana, majira hushikwa kwa mkono? Demani hiyo ni kamba."

Akanionyesha kwenye tanga lenyewe. Demani ni kamba ya pembe ya chini ya tanga, inayolizuia lisipeperuke. Ukiiachia, tanga linakosa upepo na chombo hakiendi. Ukiifunga na kwenda kulala, likija pigo la upepo la ghafla huwahi kuilegeza, na chombo kinapinduka na watu wake. Kwa hiyo usiku wenye upepo wa mashaka demani haifungwi. Hushikwa mkononi na mtu aliye macho.

Nilirudi mjini nimenyamaza. Ubeti ule haukuwa wa subira wala utulivu. Ulikuwa wa mtu asiyeamini fundo, anayekesha kwa ajili ya waliolala. Mtunzi alisema jambo kubwa, nami nililifanya dogo kwa sababu sikupata kushika kamba ya tanga na sikutaka binti ajue hivyo. Watu watatu waliosoma sana waliipima kazi ile, na hakuna aliyenipima mimi.

Zama za Muyaka bin Haji, washairi wa Mombasa na Lamu walipokuwa wakijibizana, shairi lilisikilizwa na manahodha na wavuvi pamoja na wanazuoni. Neno la bahari likikosewa, aliyeishi baharini alikuwapo pale pale. Vyuo vyetu vimewakusanya wanazuoni, vikamsahau nahodha. Haji Gora Haji wa Tumbatu, aliyetuacha mwaka 2021, hakuwa msomi wa chuo kikuu, lakini diwani yake ya *Kimbunga* ilichapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1994, na wanafunzi wa vyuo wanaisoma. Tumekubali watu wa namna yake watungiwe tasnifu, hatujakubali wazitahini.

Nilimpigia binti simu. Sasa naye ni mwalimu. Nilipomaliza kumweleza alinyamaza kitambo.

"Mjomba, nani mwingine anajua?"

"Mimi, wewe na mzee wa Mkokotoni."

Nilielewa swali lake. Shahada yake ni riziki yake, na nakala iliyomo maktabani haiguswi tena. Ningeweza kunyamaza, na yeye asingenilaumu. Lakini tayari nilikwisha kuliona kosa langu limenukuliwa katika tasnifu ya mwanafunzi mwingine, limevaa jina langu kama ushahidi.

"Mwanangu," nilimwambia, "kosa si lako. Niachie niliseme mimi."

Siku ya pili yake alinipigia yeye. Alikuwa amekata shauri kuiandika upya sura ya nne iwe makala, na alitaka nimpeleke Mkokotoni.

"Safari hii," akasema, "nataka nimuulize mwenye tanga."

Basi haya ndiyo marekebisho yangu, nayo si madogo. Atakayeikuta tasnifu ile na kusoma kwamba demani ni majira ya utulivu, kwa kauli ya mshairi fulani, ajue kwamba mshairi mwenyewe ameikana kauli hiyo. Katika ubeti ule demani ni kamba, na aliyeishika hakulala.